Utomvu wa Papai na Damu ya Mikaeli

Susana alikuwa ameshakamua ng'ombe na kukata majani ya mgomba kwa ajili ya malisho kabla mumewe hajatoka nje. Kwa miaka mingi mambo yalikuwa kinyume. Katika nyumba ile ya kijijini Akheri, Mikaeli ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Jua lilipochomoza lilimkuta shambani, kwenye kahawa yake.

Lakini mwezi wa tatu Mikaeli alianguka. Alikuwa juu ya mti, akipunguza matawi yaliyozidisha kivuli kwenye kahawa. Mguu wa kushoto ukavunjika. Hospitali wakamfunga plasta, lile hogo jeupe, kutoka pajani hadi kwenye kisigino. Alikaa nalo wiki sita. Alikuwa mtu wa kitini na kitandani tu.

Hogo lilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga. Wote walifurahi. Siku nne baadaye, shavu la mguu uleule likavimba. Lilikuwa la moto na lenye maumivu, na ngozi yake ilivutika na kung'aa. Mguu wa kulia ulikuwa mzima kabisa. Susana hakungoja. Alimrudisha mumewe hospitali siku hiyohiyo. Wakampiga picha ya mguu kwa utrasaundi, wakaona bonge la damu ndani ya mshipa mkubwa.

Akapewa vidonge vya kuzuia damu kuganda. Kidonge kimoja kila jioni. Akapewa na kadi. Kila baada ya wiki mbili alitakiwa kurudi, atobolewe kidole, damu ipimwe, na daktari aseme kama dozi inatosha au imezidi.

"Kwa muda gani?" Mikaeli aliuliza siku ile.

"Si chini ya miezi mitatu," alijibu muuguzi Elihuruma, mama mnene mwenye sauti ya taratibu. "Baada ya hapo daktari ataangalia."

Mikaeli alikunja uso. Hakupenda kuitwa mgonjwa.

*

Mwezi wa sita, alikuja mgeni. Aliitwa Brenda. Alikuwa mtafiti katika chuo kimoja cha sayansi Arusha, na alikuwa anakaa Sekei. Mama yake alizaliwa hukuhuku Akheri, kwa hiyo hakuwa mgeni sana. Alikuwa anapita shamba hadi shamba kuomba utomvu wa papai, yale maziwa meupe yanayotoka ukilikwaruza papai bichi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Mikaeli alijibu akiwa kitini. "Papai hizo hapo. Lakini niambie kwanza, utomvu mnaufanyia nini?"

Brenda alikuwa ameshaanza kazi. Alichora mistari midogo kwa wembe kwenye papai bichi. Matone meupe yakaanza kudondoka kwenye kichupa.

"Mama atanisaidia kueleza," alisema. "Mama, ukiwa na nyama ngumu na unataka ilainike, unafanyaje?"

"Naipaka papai bichi," Susana alisema. "Naiacha kidogo, halafu naipika. Ukiisahau inakuwa kama uji."

"Basi ndiyo hiyo. Ndani ya utomvu kuna vitu vidogo sana, havionekani kwa macho. Vinaitwa vimeng'enya. Kazi yake ni kukatakata protini. Nyama ni protini, kwa hiyo inalegea. Sasa bonge la damu nalo linashikiliwa na nyuzi za protini. Kwenye maabara tumeweka utomvu juu ya bonge la damu, na bonge limelegea. Tunachunguza kama siku moja inaweza kupatikana dawa."

Mikaeli aliinuka kidogo kitini. "Bonge la damu? Kama langu?"

"Ndiyo, baba, lakini..."

Dereva wa chuo akapiga honi kutoka barabarani. Barafu ya kuhifadhia vichupa ilikuwa inayeyuka, na yalibaki mashamba matatu. Brenda akafunga vichupa, akawaachia namba yake ya simu, akashukuru, akaondoka kwa haraka. Ile lakini yake ikabaki hewani.

Jioni ile Mikaeli alikaa akizitazama papai zake.

"Mama Nice," alimwambia mkewe, "tuna dawa hapa nyumbani, na mimi natobolewa vidole mjini."

"Yule binti amesema wanachunguza."

"Wanachunguza kwa sababu wameona inafanya kazi."

Susana alifikiri. Papai ni chakula, aliona halina madhara. Asubuhi yake alikinga utomvu mwenyewe, akautia kijiko kimoja kwenye uji wa mumewe. Mikaeli akanywa. Ulimwasha ulimi, akasema dawa yoyote ya kweli lazima iwe kali.

Jambo moja Susana hakulijua. Kila jioni aliweka kidonge pembeni ya sahani. Kila jioni kidonge kiliondoka pale. Lakini hakikwenda tumboni. Kilikwenda kwenye mfuko wa shati. Tarehe ya kupima damu ilipofika, Mikaeli alisema ameahirishiwa.

*

Baada ya wiki moja hivi Mikaeli alijisikia vizuri. Uvimbe ulikuwa umepungua. Ukweli ni kwamba ulikuwa umeanza kupungua tangu kabla ya utomvu, wakati bado anameza vidonge. Lakini Mikaeli aliusifu utomvu. Aliusifu kwa majirani na kwa wazee wenzake wa usharika, kanisani. Habari ikatembea.

Ikafika mpaka Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima. Huko alikuwapo Lemburis, mfugaji, rafiki wa Mikaeli tangu walipokuwa vijana wa kujenga nyumba pamoja mjini. Lemburis alikuja Akheri akiwa na shuka begani na wasiwasi usoni.

"Ni yeyo," alisema. Kwa Kimaasai yeyo ni mama. "Moyo wake hauendi sawasawa. Unaruka. Daktari anasema damu yake inaweza kugandia huko ndani, kipande kiende kichwani, apooze. Anakunywa vidonge vya kuzuia kuganda. Lakini nimesikia mna kitu kizuri zaidi."

"Mama Nice, mpe rafiki yangu," alisema Mikaeli.

Susana alikinga utomvu kwenye mapapai manane. Akajaza chupa ndogo ya soda. Aliifuta vizuri kwa kitambaa, akaifunga kwenye mfuko, akamkabidhi Lemburis kwa mikono miwili.

"Kijiko kimoja asubuhi," alimwelekeza. "Mungu amponye."

*

Siku tano baadaye, kwenye saa mbili asubuhi, Mikaeli alikwenda kukata mkungu wa ndizi. Susana alikuwa anaosha vyombo. Alisikia kitu kizito kikianguka migombani. Alidhani ni mkungu, akaenda kumsaidia kuubeba.

Alimkuta mumewe amepiga magoti, mkono mmoja kifuani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi kama mtu aliyekimbia mlima mzima.

"Kifua," alisema. "Nikivuta hewa, kinachoma kama kisu."

Susana hakupiga kelele. Alimwegemeza kwenye mgomba akiwa amekaa, akakimbia hadi kwa Nelson, jirani yao mwenye gari. Hakumpa uji wala maji ya moto. Hakungoja aone kama itapita. Ndani ya nusu saa walikuwa hospitali.

Mikaeli akawekewa mpira wa oksijeni wenye kifuniko cha usoni. Akachomwa sindano. Kifua chake kikapigwa picha. Muuguzi Elihuruma alimvuta Susana pembeni ya kitanda.

"Mama, vidonge anakunywa?"

"Kila jioni. Naviweka mwenyewe mezani."

Mikaeli alishusha kidogo kile kifuniko cha usoni. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Sinywi," alisema. "Leo siku ya kumi na tisa."

Susana alimtazama mumewe. Alimrudishia kifuniko usoni.

"Pumua," alimwambia. "Tutaongea ukipona."

Elihuruma hakumgombeza mtu. Alivuta kiti, akaeleza taratibu.

"Kipande cha lile bonge la mguuni kimekatika. Kimesafiri na damu mpaka kwenye mapafu, kikaziba njia. Ndiyo maana pumzi ikakatika. Mmefika mapema, na mapema hiyo ndiyo imemwokoa."

"Lakini alikuwa anapata nafuu," Susana alisema. "Uvimbe ulipungua."

"Vidonge ndivyo vilivyokuwa vinafanya kazi. Sikilizeni, maana watu wengi hawalijui hili. Vidonge hivi haviyeyushi bonge. Vinalizuia lisikue, na vinazuia jipya lisitokee. Bonge la zamani linamalizwa na mwili wenyewe, kidogokidogo, kwa miezi. Ukiacha vidonge katikati, bonge linapata nafasi ya kukua tena. Hata kama mguu hauumi."

"Tulimpa utomvu wa papai," Susana alisema kwa sauti ndogo. "Tuliambiwa unakata bonge."

Elihuruma aliandika kwenye faili. "Vizuri umesema. Ungeficha, tungetibu tukiwa gizani. Kuna mtu mwingine mliyempa?"

"Mama wa rafiki yake, naye anakunywa vidonge kama hivi," Susana alisema, akatoa simu.

*

Simu ya Lemburis haikupatikana. Alijaribu mara sita. Akampigia Brenda, akamweleza yote bila kupumzika.

"Uko hospitali gani?" Brenda aliuliza. "Nakuja na gari la chuo. Nisubiri getini."

Susana alirudi kitandani. Mikaeli alikuwa amelala, anapumua vizuri kidogo.

"Nenda," Elihuruma alimwambia. "Huyu yuko mikononi mwetu. Yule mama hana mtu wa kumwambia. Na akija, aje na vidonge vyake na hiyo chupa."

Walipita mjini, wakapita Ngaramtoni, wakashika barabara ya Namanga. Brenda alikuwa anaendesha mwenyewe.

"Ni mimi niliyesema, mama," alisema. "Nilieleza nusu, nikakimbilia barafu yangu."

"Ulisema nusu, na sisi tukasikia tuliyoyataka," Susana alijibu. "Chupa nimejaza mimi, kwa mkono wangu huu. Tutalia siku nyingine. Endesha, mwanangu."

Upande ule wa mlima hauna migomba. Upepo ulikuwa unavuma, vumbi linapanda. Lemburis alikuwa amekwenda kunywesha ng'ombe mbali. Mama yake, Nanyori, alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, amejitanda shuka. Brenda aliinamisha kichwa kwa heshima, na bibi akamgusa utosini. Susana akaamkia. Macho yake yalikuwa yameshaona alama kubwa za bluu kwenye mikono ya mama yule, kama mtu aliyepigwa.

"Umeanguka, mama?"

"Sijaanguka. Zinakuja zenyewe." Nanyori aligeuka akatema mate pembeni. Yalikuwa mekundu. "Na fizi zinatoa damu tangu juzi. Hiyo dawa yenu inaunguza kinywa."

"Na vidonge vya hospitali?"

"Navyo nakunywa. Lemburis alisema nikinywa dawa zote mbili nitapona haraka."

Brenda alichuchumaa mbele yake. Sasa hakuwa na haraka.

"Yeyo, nimekuja kukueleza yale ambayo sikuyamaliza. Damu ikiganda, ndani yake kuna nyuzi nyembamba. Zinashikana kama wavu. Hizo nyuzi ndizo..."

"Nazijua," Nanyori alimkatiza. "Tukikinga damu ya ng'ombe tunaikoroga kwa kijiti ili isigande. Zile nyuzi zinajizungusha kwenye kijiti. Unazitoa, damu inabaki ya majimaji. Unanifundisha kitu nilichokifanya kabla mama yako hajazaliwa."

Brenda alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi unajua kuliko wanafunzi wangu. Vimeng'enya vya utomvu vinazikata nyuzi hizo. Tumeliona hilo kwenye kichupa, maabara."

Nanyori aligusa ufizi wake kwa kidole, akakitazama kidole.

"Hizi nyuzi," alisema polepole, "si ndizo zinazofunga kidonda?"

"Ndizo."

"Sasa hicho kitu chako kinajuaje ni nyuzi zipi zikatwe na zipi ziachwe?"

"Hakijui," Brenda alisema. "Hapo ndipo tulipokwama, yeyo. Kinakata chochote. Nyama, nyuzi nzuri, nyuzi mbaya. Tena ukikinywa, sehemu kubwa inasagwa tumboni kama chakula, na hatujui kiasi gani kinafika kwenye damu, au kama kinafika. Na kikikutana na vidonge vyako, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi, ukavuja hata bila kuumia. Bado hatujampa mtu hata mmoja. Itachukua miaka ya kupima, na huenda isiwe dawa kabisa."

"Ungesema hivyo mwanzo."

"Ningesema hivyo mwanzo," Brenda alikubali.

Susana alisimama. "Mama, twende hospitali. Chukua vidonge vyako na ile chupa."

"Kesho. Leo mbuzi hawajarudi, na mwanangu hayupo."

"Fizi zinavuja damu leo. Damu ikivujia kichwani haitangoja kesho." Susana hakupandisha sauti. "Nimemwacha mume wangu na mpira wa hewa usoni, nikaja kwako. Sikuja kuchukua chupa. Nimekuja kukuchukua wewe. Mbuzi tutamwomba jirani."

Nanyori akanyoosha mkono ili ainuliwe.

Hospitali walipima damu yake. Ilikuwa nyepesi kupita kiwango. Daktari alisimamisha vidonge kwa siku chache, akampa dawa ya kurudisha damu katika hali yake, akamlaza ili aangaliwe. Baada ya siku tatu kipimo kilikuwa sawa. Akarudishiwa vidonge vyake kwa dozi mpya. Lemburis alikaa kando ya kitanda siku zote hizo, akisikiliza kila neno la daktari.

Katika wodi ya wanaume ya hospitali hiyohiyo, Mikaeli alitolewa oksijeni siku ya nne. Alipoletewa kidonge cha jioni, alikinywa mbele ya mkewe, akafungua kinywa kuonyesha.

"Sitaki kukuchunga kama mtoto," Susana alisema.

"Hunichungi. Nimekudanganya siku kumi na tisa. Acha nikuonyeshe siku kumi na tisa."

*

Brenda hakuridhika kuishia hapo. Aliomba ruhusa kwa mchungaji aongee na usharika. Jumapili moja mwezi wa nane, kabla ya ibada, aliweka meza chini ya banda kwenye uwanja wa kanisa. Juu ya meza kulikuwa na bilauri tatu za kioo. Ya kwanza ilikuwa na bonge la damu ya mbuzi peke yake. Ya pili ilikuwa na bonge kama hilo, pamoja na utomvu. Ya tatu ilikuwa na kipande cha nyama mbichi, pamoja na utomvu uleule.

"Msiguse," alisema. "Tutaangalia baada ya mnada."

Ibada ikaisha. Mnada wa mazao ya sadaka ukaanza. Mikungu ya ndizi, maparachichi na kuku vikapata wenyewe. Ulipokwisha, watu wakaizunguka meza. Bonge la kwanza lilikuwa vilevile. La pili lilikuwa limelegea na kumeguka, maji yake mekundu. Watu wakanong'ona.

"Mmeona," mzee mmoja alisema. "Si dawa hiyo?"

"Tazama na bilauri ya tatu, mzee wangu," Brenda alisema. Alitia uma kwenye nyama. Nje nyama ilikuwa imelegea, imekuwa ya utelezi, inabanduka. "Hii haikuwa na ugonjwa wowote. Utomvu umeila pia. Kwenye bilauri tunaweza kuweka bonge peke yake. Ndani ya mtu hakuna bonge peke yake. Kuna tumbo, kuna mishipa, kuna ubongo. Kazi yetu sisi watafiti ni kutafuta kimeng'enya kitakachokata kibaya na kuacha kizuri. Hatujakipata. Mkisikia kwenye simu au barabarani kwamba kimepatikana, ulizeni: kimepimwa kwa watu? Daktari wangu anakijua?"

Mama mmoja akauliza, "Papai lenyewe je? Tusile?"

"Papai lililoiva kuleni. Ni chakula kizuri. Ninaloongelea ni utomvu wa papai bichi kunywewa kama dawa. Mama mjamzito asiuguse kabisa. Na mtu mwenye vidonge vya damu asiongeze mizizi, majani wala utomvu bila kumwambia daktari. Mwambieni tu. Hatawacheka."

Kisha Mikaeli akasimama. Alikuwa amepungua mwili, na hakuzoea kuongea mbele za watu. Alishika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Habari ya utomvu mliisikia kwangu," alisema. "Sasa sikieni na hii kwangu. Niliacha vidonge kwa siri. Nilimdanganya mke wangu. Kipande cha damu kikaniingia kwenye mapafu, nikaona mwisho wangu hapo migombani. Mama wa rafiki yangu naye alikaribia kufa kwa chupa iliyotoka kwangu. Kama kuna mtu alichukua utomvu kwangu, au alisikia kwangu akajikingia mwenyewe, naomba aumwage leo. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto, nenda hospitali. Kifua kikichoma na pumzi ikakatika ghafla, usilale uone kutakuchaje. Ni hayo tu."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini wiki ile watu wawili walikwenda hospitali na kumwambia Elihuruma kwamba walikuwa wanachanganya vidonge na dawa za miti. Mmoja wao alikuwa ndiye yule mzee aliyeuliza kuhusu bilauri ya pili.

*

Miezi ikapita. Mikaeli alishika utaratibu kwa nguvu zilezile alizokuwa anazitumia kushika panga. Kidonge saa moja jioni. Kipimo kwa tarehe yake. Kila asubuhi alitembea hadi kwenye mfereji na kurudi, kwa sababu daktari alisema miguu inayotembea inasukuma damu. Alipokuwa anakaa kupembua kahawa, kila baada ya nusu saa alinyanyuka na kukanyagakanyaga. Wajukuu walimcheka, naye akawaamuru wakanyage pamoja naye.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata walikwenda kupigwa utrasaundi tena, yeye na Susana. Daktari alipitisha kile kifaa pajani, akashuka hadi kwenye shavu la mguu, akarudi juu. Aligeuza kioo ili nao waone.

"Mshipa uko wazi," alisema. "Damu inapita."

Mikaeli alitazama ile picha ya kijivu inayotikisika. Hakuelewa chochote katika picha ile, lakini aliitazama muda mrefu.

"Na vidonge?" aliuliza.

"Tunavisimamisha. Lakini mimi ndiye nimevisimamisha, siyo wewe."

"Nimekuelewa, daktari," Mikaeli alisema, na wote watatu wakacheka.

Walipokuwa wanatoka getini, simu ya Susana ikaita. Namba hakuijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke, inatoka mbali, ina haraka.

"Samahani mama, nimepewa namba yako. Nasikia kwenu mna utomvu wa papai unaoyeyusha damu iliyoganda. Kaka yangu mguu umevimba tangu juzi. Nije kuchukua?"

Susana alisimama palepale kando ya barabara. Akamwashiria Mikaeli angoje.

"Umevimba mguu mmoja au yote miwili?"

"Mmoja."

"Ni wa moto?"

"Wa moto sana. Hawezi kuukanyagia."

"Basi sikiliza, mdogo wangu. Papai tunazo. Utomvu wa kunywa hakuna, na atakayekuuzia atakudanganya. Kaka yako anatakiwa afike hospitali leo, siyo kesho. Usimkande, usimchue mguu. Mko wapi?"

Mwanamke akataja mahali. Ilikuwa karibu, mwendo mfupi tu kwa bodaboda.

"Mlete," Susana alisema. "Mimi niko hapa getini. Nitawasubiri."

Alikata simu. Mikaeli alikuwa ameshatafuta jiwe la kukalia, kisha akakumbuka, akabaki amesimama, akikanyagakanyaga taratibu huku wanaitazama barabara.